Maili Mbili na Nusu kwa Saa Nne

Sura ya Tano

Watu wanane walihojiwa Jumatano jioni, kila mmoja peke yake, na wote wanane walisema: "Tulifuata njia, tukatazama ndege, tukarudi kunywa chai." Inspekta Hilda Grice aliiandika sentensi hiyo yote kwa shahidi wa kwanza. Kwa shahidi wa pili aliandika "kama hapo juu." Kuanzia wa tatu alichora mstari tu, akatumia muda uliobaki kula biskuti za mwenye nyumba.

"Ndege gani?" alimuuliza shahidi wa nane, Bi Pansy Oddie, mjane wa miaka sabini na sita aliyeketi ukingoni mwa kiti chake kama mtahiniwa.

"Wa kawaida," alisema Bi Oddie.

"Wenye mabawa?"

"Nadhani, ndiyo."

"Mliwatazama kwa muda gani?"

Bi Oddie alitazama dirishani, kisha akatazama kidole chake cha shahada kilichofungwa plasta. "Aubrey ndiye mwenye saa," alisema.

Aubrey huyo alikuwa Bwana Aubrey Lacey, mwenyekiti wa Chama cha Matembezi cha Wenlow Parva, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya bweni ya wavulana, aliyefundisha jiografia kwa miaka thelathini na moja bila ya mwanafunzi hata mmoja kumuuliza kaskazini ni wapi. Ni yeye aliyetunga kipeperushi kilichouzwa kwenye duka la kijiji: matembezi mepesi, maili mbili na nusu, saa moja na robo, yanafaa kwa watoto na wazee. Kilikuwa na maelekezo kumi na mawili, picha ya kanisa, na picha kubwa zaidi ya Bwana Lacey. Jumamosi ya wiki hiyo ubao wa mwaloni uliochongwa maelekezo yale ungefunuliwa mbele ya ukumbi wa kijiji, jina la mtunzi likiwa juu.

Jumapili saa nane mchana, katika joto la nyuzi thelathini na nne, Bwana Lacey aliwaongoza wenzake saba kutoka baa ya Jembe kwenda kutembea matembezi hayo. Jumatano asubuhi, katika malisho ya juu ya shamba la Hollin Bank, kondoo kumi na tisa kati ya thelathini na moja walikutwa wamekufa kwa kiu.

Mpangaji wa shamba hilo, Nell Brazier, alikuwa na maelezo mafupi. Birika la kunyweshea mifugo katika malisho ya juu lilikuwa kavu tangu Juni, bomba likiwa limepasuka. Kwa hiyo Jumapili adhuhuri alilifungua lango linaloteremka kijitoni, akalifunga kwa kamba likae wazi, akapanda treni kwenda mji wa Hull kumzika mama yake. Aliporudi alilikuta lango limefungwa. Jirani aliyeombwa kuwaangalia kondoo aliwahesabu kila jioni kutoka barabarani bila kushuka kwenye trekta. Vichwa vilikuwa thelathini na moja, sawasawa. Hakuna aliyemwambia ahesabu wanaopumua.

Hakuna pia aliyemwamini Nell. Njia ya umma ilikuwa nusu maili kutoka kwenye lango lile, na pale hapakuwa na sababu ya mtu kupita. Mwenye ardhi, aliyekuwa ameitamani Hollin Bank kwa miaka sita ili ajenge nyumba za wageni wa likizo, alimtuma mwanasheria wake kituoni na swali moja: je, polisi wanasema mpangaji alitelekeza mifugo, ndiyo au hapana? Mkataba ulisema anayetelekeza mifugo anaondoka. Mwanasheria angefika shambani Alhamisi saa kumi na moja jioni kuchukua jibu.

Inspekta alimwamuru daktari wa mifugo aliyepima mizoga afunge mdomo kuhusu ile kiu. Kisha akabandika tangazo kanisani: yeyote anayejua habari za lango la Hollin Bank awaone polisi. Walikuja watu kumi na mmoja. Wote waliapa kwamba hawajawahi kuacha lango wazi maishani mwao. Katika nchi ile lango lina dhambi moja tu, na mtoto hufundishwa dhambi hiyo kabla hajafundishwa sala.

Alhamisi saa tatu kamili asubuhi Inspekta alisimama mbele ya baa ya Jembe, kipeperushi mkononi. Len Gubb, mwenye baa, alikuwa anafagia kizingiti.

"Unakwenda na hicho, afande?"

"Nakwenda nacho."

"Basi subiri nikupe maji. Na mkate. Una ndugu wa kuarifiwa?"

"Wewe hukifuati?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Nikikifuata nitapotea."

"Jumapili walirudi saa ngapi?"

Gubb aliegemea ufagio. "Chai iliagizwa ya saa tisa u nusu. Skonzi nikazipasha moto. Nikazipasha tena. Mara ya tatu mke wangu akasema hizo sasa ni za kujengea. Wakaingia saa kumi na mbili na dakika ishirini, nyuso kama nyanya, mmoja kashika kiatu mkononi."

"Wakasemaje?"

"Wametazama ndege."

"Na skonzi?"

"Walizila kama nzige, afande. Hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo."

Inspekta alitazama saa yake na kuanza kutembea.

Maelekezo matatu ya kwanza hayakuwa na kosa, kwa kuwa yote yalisema nenda mbele. La nne lilisema: "Kwenye mti mpweke pinda kushoto." Mti mpweke wa kwanza ulikuwa umekatwa, kisiki chake kilikuwa kimeota uyoga, dalili kwamba kilikatwa muda mrefu kabla ya kipeperushi kupigwa chapa. Mtu mwenye macho angepinda kwenye kisiki, ambako kijia kilionekana wazi kama mfereji. Mtu mwenye kipeperushi aliendelea mbele kutafuta mti. Inspekta alikuwa na kipeperushi. Mti mpweke uliofuata ulikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili mbele, katikati ya shamba la viazi, na kushoto kwake hapakuwa na njia ila safu ya viazi iliyokanyagwa. Aliinama akatazama. Viazi vilikuwa vimekanyagwa kwa adabu, mguu baada ya mguu, mstari mmoja. Ng'ombe hawapangi foleni.

Akaandika: *Kosa la kwanza. Saa tatu na dakika ishirini na nne.*

La tano lilisema: "Panda ngazi ya kuvukia ua, fuata mshale wa njano." Mshale wa njano ulikuwapo, umepigiliwa msumari mmoja kwenye nguzo, na msumari ukiwa mmoja mshale huelekea popote upepo unapotaka. Asubuhi hiyo ulielekea chini, ardhini. Inspekta aliusukuma kwa kidole. Ukazunguka mara mbili na kutua kulia. Kulia kulikuwa na upupu wa Kiingereza, ile mimea inayowasha hata juu ya soksi, nayo ilikuwa imelala chini kwa upana wa mtu mmoja, majani yake yakiwa yameanza kukauka. Siku nne za jua, alikadiria.

*Kosa la pili. Saa tatu na dakika thelathini na nane.*

La sita lilikuwa fahari ya mtunzi. "Weka mnara wa kanisa mbele yako," kilisema, "nawe hutapotea kamwe." Kutoka kijiani, mnara uliokuwa mbele ungekuwa wa Wenlow Parva. Kutoka kwenye upupu, mnara wa Wenlow Parva ulifichwa na kilima, na mnara uliosimama mbele ya macho, mzuri kabisa na wenye saa, ulikuwa wa Wenlow Magna, kijiji kingine. Inspekta aliuweka mbele yake. Alivuka malisho mawili bila kuona mshale wala ngazi wala dalili yoyote kwamba binadamu alikusudiwa kufika pale, na saa nne kasoro dakika kumi akagongana na lango la Hollin Bank.

Nell Brazier alikuwa upande wa pili, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mikono ndani ya mifuko ya ovaroli. Nyuma yake lori la kubeba mizoga lilikuwa linarudi kinyumenyume.

"Umepotea, afande?"

"Nimefuata kipeperushi."

"Ndiyo yale yale."

"Nionyeshe kamba."

Nell aliinyoshea kidole nguzo. Kamba ya nailoni ya rangi ya chungwa, ile ambayo wakulima wa huko hufungia kila kitu isipokuwa ndoa, ilikuwa imebaki kwenye nguzo ikiwa imekatwa kwa kisu. Fundo lilikuwa zima. Lilikuwa na masikio mawili yaliyolingana, na masikio hayo yalikuwa yamefungwa tena mara ya pili, kwa usalama.

"Umeikata kamba badala ya kulifungua fundo. Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka. Walikuwa wamelala wote hapa, kwenye lango. Waliokuwa hai walikuwa wamelala juu ya waliokufa." Alisema bila kupandisha sauti. "Baadaye nikalitazama hilo fundo. Mimi nimefunga malango miaka arobaini. Sijawahi kufunga lango kama kiatu cha mtoto wa chekechea."

"Umemwambia mwanasheria?"

"Alicheka. Akasema fundo hata mimi naweza kulifunga."

"Unaweza?"

"Sasa naweza. Nimelitazama siku nzima."

Inspekta alilikata fundo pamoja na kipande cha kamba, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo. Alipekua nyasi za pande zote mbili kwa nusu saa, magoti chini. Hakupata karatasi ya pipi, wala kizibo, wala ganda la yai. Hilo lilimridhisha kuliko kupata. Wezi huacha vitu, walevi huacha vitu, watoto huacha vitu. Ni kundi moja tu la watu ambao hupita mahali wakaokota hata takataka za wenzao, kisha wakaua kondoo kumi na tisa.

"Kuna mtu hupita hapa?" aliuliza, akipangusa magoti.

"Hakuna. Labda awe mpumbavu."

"Wanane je?"

Nell alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wameshasema hawakutoka njiani," alisema. "Mwalimu mkuu amesema. Hapa mwalimu mkuu akisema mvua inanyesha, watu wanafungua miavuli kanisani."

"Nitakuja saa kumi na moja," alisema Inspekta.

"Na mwanasheria pia atakuja."

Inspekta alitoa zile dakika thelathini za upekuzi kwenye hesabu yake, akaendelea kuufuata mnara. Alifika Wenlow Magna, akalizunguka kanisa lisilo lake, akasoma ubao wa tangazo ambao ungemwonyesha hata mbuzi kwamba hiki si kijiji alichotoka, kisha akarudi kwa barabara ya lami, kwa mwendo wa wazee waliokasirishana. Ukitoa upekuzi, matembezi mepesi ya saa moja na robo yalimchukua saa nne na dakika kumi na tisa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya maili mbili na nusu, na watu wanane walikuwa wameitembea kutwa.

Hata hivyo, saa si ushahidi, viazi si ushahidi, na masikio mawili ya kamba yasiyo na mwenyewe si ushahidi. Mwanasheria angecheka tena. Kilichohitajika ni mdomo wa mtu, na midomo yote minane ilikuwa imeshonwa. Inspekta alikula mkate wa Gubb kwenye gari lake na kupitia daftari tangu mwanzo. Maswali yake yote ya Jumatano yalihusu kosa. Mlitoka njiani? Mliacha lango? Mligusa kitu? Alikuwa amewauliza watu wenye heshima zao kama ni wahalifu, nao kwa heshima zao wakasema hapana. Akafunga daftari, akachana nywele, na saa kumi jioni akaingia ukumbi wa kijiji.

Wanachama wote wanane walikuwapo, wakibishana kuhusu rangi ya pazia la kufunikia ubao. Bwana Lacey alisimama. Alikuwa mrefu, mwenye soksi ndefu za sufu katika joto lile, na sauti iliyozoea kusikika mwisho wa uwanja.

"Inspekta. Tulidhani tumemaliza."

"Nyinyi mmemaliza. Mimi nimekuja kushukuru."

Akavua kofia. Wakaweka vikombe chini.

"Jumapili," alisema Inspekta, "mtu fulani alipita Hollin Bank akakuta lango limeachwa wazi kabisa, na kondoo ndani. Mtu huyo hakupita tu kama wengine. Alisimama, akalifunga, akaendelea na safari yake bila kungoja sifa. Nimelitafuta jina lake siku mbili. Nataka kuliandika kwenye taarifa yangu, ambayo jioni hii inakwenda kwa mwenye ardhi. Naambiwa ndiye atakayefunua ubao wenu Jumamosi."

Hapakuwa na uongo hata mmoja katika hotuba hiyo, na hapo ndipo ilipokuwa chafu.

Mzee mmoja alimtazama Bwana Lacey, kisha dari.

"Mtu hapendi kujisifu," alisema Bwana Lacey.

"Hapendi," Inspekta alikubali, akivaa kofia. "Basi nitaandika, mpita njia asiyejulikana."

"Hata hivyo," alisema Bwana Lacey.

Inspekta alifungua daftari.

"Hata hivyo, kwa ajili ya usahihi wa taarifa. Nililifunga mimi."

"Aubrey," alisema Bi Oddie.

"Pansy, tafadhali."

"Uliamuru, Aubrey. Wewe ulikuwa umeshika ramani. Aliyefunga ni mimi, na kamba ikanikata kidole."

"Uliifunga kwa maagizo yangu."

"Kidole ni changu."

Inspekta alitoa mfukoni kipande cha kamba ya rangi ya chungwa, akakiweka kwenye mkono wa kiti. "Nionyeshe, mama. Kama ulivyofanya siku ile."

Bi Oddie alivuta kiti karibu. Alizungusha kamba, akatoa sikio la kwanza, akatoa la pili, akayapitisha, akakaza. Kisha akayafunga masikio yenyewe mara nyingine. "Marehemu mume wangu alikuwa anajikwaa kwenye kamba za viatu," alieleza. Inspekta aliweka mfuko wa vielelezo kando ya kiti. Mafundo mawili yalitazamana kama mapacha.

"Asante. Sasa, Bwana Lacey. Lango hilo liko nusu maili kutoka kwenye njia. Mlifikaje?"

Bwana Lacey alifungua mdomo, na hapo ndipo alipoona alipofika. "Tulichepuka," alisema. "Kidogo. Kwa ajili ya ndege."

"Na Wenlow Magna?"

"Mandhari."

"Tulipotea, Aubrey," alisema Bi Oddie. "Tulipotea kwenye mti, tukapotea kwenye mshale, tukapotea kwenye kanisa. Mimi nilijua tangu kwenye mti."

"Sisi pia," alisema yule mzee wa dari. Vichwa vitano vikainama kukubali.

Inspekta aligeuka taratibu. "Mlijua? Wote? Kwa saa nne?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hamkusema?"

Bi Oddie alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Alikuwa anaongoza," alisema. "Isingekuwa adabu."

Kuuliza si ujinga, lakini kwa watu wale ulikuwa utovu wa malezi. Inspekta aliketi. Alizungumza sasa kwa sauti ya chini, na hakuwa anashukuru tena.

"Mlipofika langoni, kondoo walikuwa wapi?"

"Juu, nasi," alisema Bi Oddie. "Tukatoka, tukafunga. Walikuja mbio wote hadi langoni. Walilia sana. Niliwapungia mkono. Nilidhani wanatuaga."

"Na maji yalikuwa upande gani?"

Bi Oddie alianza kujibu, akaacha.

"Walikufa kwa kiu," alisema Inspekta. "Kumi na tisa. Lango liliachwa wazi makusudi, ili wanywe."

"Kulikuwa na birika," alisema Bwana Lacey. "Birika la mawe. Nililiona kwa macho yangu."

"Ulitazama ndani?"

"Sikuwa na sababu ya kutazama ndani ya birika."

Inspekta aligeuza kipeperushi, akasoma mstari wa mwisho nyuma, chini ya picha kubwa. "'Lango liache kama ulivyolikuta.' Nani kaandika?"

"Hiyo ina maana ya kufunga," alisema Bwana Lacey. "Kila mtu anajua ina maana ya kufunga."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Inspekta aliweka mezani karatasi nane za maelezo na kalamu moja. "Andikeni. Mlipotea wapi, mkafika langoni saa ngapi, nani alifunga. Kwa mikono yenu."

Bwana Lacey aliandika mstari mmoja, kisha akasita. "Nitaweka 'tulichepuka.'"

"Utaweka 'tulipotea.' Mtu anayechepuka anajua alipo. Mwanasheria atauliza ulikuwa kwenye lango gani, nawe utamjibu nini?"

Bwana Lacey alilitazama pazia la ubao, lililokunjwa vizuri juu ya meza. Akaweka kalamu chini.

"Nikifikiri vizuri," alisema, "huenda lilikuwa lango jingine. Malango yanafanana. Sidhani naweza, kwa dhamiri safi, kutia saini jambo nisilo na hakika nalo. Wala sidhani mwenzetu yeyote anaweza."

Alikaa. Aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyotazama madarasa thelathini na moja ya wavulana, na mmoja mmoja wakatazama viatu vyao. Saa ya ukutani iligonga nusu. Kutoka ukumbini hadi Hollin Bank ni dakika kumi na tano kwa gari, ukijua njia.

Inspekta aliisukuma kalamu kwa kidole ikabingirika mezani, ikasimama mbele ya Bi Oddie.

Bi Oddie alivua plasta kidoleni, kwa kuwa ilimzuia kushika vizuri, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa mwandiko kwa fimbo: *Mimi, Pansy Oddie, nilipotea.* Akaendelea hadi chini ya ukurasa. Alipomaliza hakumpa Inspekta. Alimpa Bwana Lacey.

"Soma, Aubrey," alisema. "Ukikuta kosa la tahajia, sahihisha."

Yule mzee wa dari alinyosha mkono akaiomba kalamu. Baada yake wengine watano, upesi upesi, wakiandika neno hilo kana kwamba lingekuwa jepesi likiandikwa na wengi. Bwana Lacey aliandika wa mwisho. Alikandamiza neno "tulipotea" hadi karatasi ikatoboka.

"Jumamosi bado ipo?" aliuliza mama mmoja, akishika pazia.

Inspekta alikusanya karatasi na kutoka.

Saa kumi na moja kasoro dakika sita Inspekta aliingia uani Hollin Bank. Mwanasheria alikuwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa kwa sababu ya harufu. Inspekta aligonga kioo, akapitisha karatasi nane kwenye upenyo. Mwanasheria alisoma ya kwanza yote, ya pili nusu, zilizobaki akaangalia saini tu.

"Hawa ni watu wazima?" aliuliza.

"Wa kawaida. Jibu ni hapana. Mpangaji hakutelekeza."

"Mwenye ardhi hatafurahi."

"Mpe kipeperushi. Mwambie atembee, atapoa."

Gari liliondoka likirudi nyuma hadi barabarani. Nell Brazier alikuwa amesimama mlangoni pa banda, ndoo mkononi. Kondoo kumi na wawili waliobaki walikuwa ndani, walisikika wakinywa. Inspekta alimweleza yote, kwa mpangilio, tangu kwenye kisiki. Nell alisikiliza bila kukatiza.

"Kwa hiyo sitoki," alisema mwishoni.

"Hutoki."

"Na wao walilifunga kwa sababu gani?"

"Kwa wema. Waliona limesahauliwa."

Nell aliitua ndoo chini. Akatazama juu malishoni, ambako lori lilikuwa limeacha alama mbili za magurudumu kwenye nyasi kavu.

"Afadhali angepita mwizi," alisema. "Angechukua wawili, watatu. Halafu angeacha wazi."